Mtaa wa Kumpumzisha Mama

Kwa miaka mingi watu waliniuliza mimi kuhusu mitaa, kwa sababu sikukaa mahali. Niliishi Shauri Moyo, nikahamia Mbotela, nikarudi Shauri Moyo, nikaenda Jericho, nikawa Bahati kwa muda, kisha Shauri Moyo tena. Kila nilipohama nilibeba godoro kichwani na sanduku la bati mkononi. Kwa hiyo mtu akiwa na mgeni anayetoka mashambani kuja kustarehe Nairobi kwa siku chache, aliniuliza amweke wapi, nami nilijibu bila kufikiri sana. Mgeni anayependa mpira, mweke Shauri Moyo, atazisikia kelele za uwanjani akiwa kitandani. Anayelala mapema, mpeleke Jericho. Akija na watoto, Kaloleni, kuna miti na nyasi, na nyumba zimetazamana. Usimweke kwenye nyumba ya mwisho iliyo karibu na njia ya reli. Usimweke jirani na baa, hata kama mwenye baa ni rafiki yako. Angalia mfereji wa maji uko wapi, na siku ya kwanza mtume mgeni mwenyewe akateke. Wanawake wa mferejini wakishamjua, hata vijana wabaya wa mtaa hawamgusi.

Hilo la mfereji ndilo nililoliamini kuliko yote. Mgeni hukaa salama akijulikana.

Kisha mama yangu akanitumia neno. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikwenda kuzika, nikarudi, na Jumatatu nikaingia kazini Industrial Area kama kawaida, kwenye bohari ya rangi. Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Nilisikia tu kama mtu aliyevaa soksi masikioni, na hali hiyo ilikaa muda mrefu hata nikaizoea.

Neno lililetwa na jirani wa nyumbani aliyekuja Nairobi kutafuta kibarua. Alisimama mlangoni, akalitoa kama alivyolikariri.

"Mama yako anasema amechoka. Anataka kuja kupumzika siku chache. Umtafutie mtaa mzuri wenye usalama. Ila usimpeleke kwa watu wetu."

"Usimpeleke kwa watu wetu," nikarudia.

"Ndivyo alivyosema. Amesema utaelewa."

Nilielewa. Kwetu, kule magharibi, mjane alibaki amevaa nguo ya marehemu mpaka arithiwe na ndugu wa mumewe. Mama alikuwa amevaa koti la baba, lile zito jeusi la kazi ya reli. Mjane wa namna hiyo hakuingia katika nyumba ya mtu mwingine wa kwetu, na tena hakuna aliyeruhusiwa kutia mbegu ardhini kwenye boma lile kabla yake, naye hakuruhusiwa kupanda kabla ya kurithiwa. Mvua zilikuwa zinakaribia. Boma zima, pamoja na wake za kaka zangu na watoto wao, lilikuwa likimtazama yeye. Wazee walikuwa wamekwisha kumchagua baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliyefanya kazi ya baraza la jiji na kukaa Kaloleni na mkewe. Lililobaki ni baba mdogo kuingia nyumbani kwa mama, kula chakula alichokipika mama, na kutundika kofia yake ukutani. Kofia ikishatundikwa, hakuna aliyeuliza zaidi. Mambo yamekwisha.

Mama hakutaka. Hakuwa amesema mbele ya mtu. Lakini mwanamke ambaye hajawahi kuomba kuja Nairobi miaka yote mumewe alipokuwa akifanya kazi huko, leo anaomba kuja kupumzika, na tena mbali na watu wake. Kwangu hilo lilitosha.

Basi nikaanza kutafuta mtaa kinyume cha nilivyozoea kuwashauri watu. Kwangu hakukuwezekana. Nilikuwa na chumba kimoja, nilichogawana kwa pazia na mwenzangu wa kazini, na hata kama ningekuwa peke yangu, mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe mtu mzima. Makongeni, nusu ya mtaa walifanya kazi na baba kwenye reli, wangelijua koti kabla ya kumjua aliyelivaa. Kaloleni kulikuwa na baba mdogo mwenyewe. Mbotela na Jericho kulikuwa na binamu, na watu wa nyumbani waliokutana kila Jumapili kuchangia mazishi. Mtu wa bohari alinionyesha kibanda kitupu Mukuru kwa Njenga. Nilikwenda nikakiona, nikaona pia mlango wake unavyofungwa kwa waya, nikarudi.

Karibu nichukue Bahati. Palikuwa na familia ya watu wa Nyeri niliyowahi kupanga kwao, watu safi, wa kanisa, na mama wa nyumba alisema, "Mlete tu, atalala na wasichana wangu." Nikashukuru. Nilipokuwa natoka akaongeza, "Na Jumapili tutaenda naye. Kwetu mgeni husimamishwa mbele, aseme jina lake na anakotoka." Nikasimama pale kwenye ua wa michongoma. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nilipomwambia mwenzangu wa chumbani kwamba nimeamua Majengo, alikaa kitako kitandani.

"Majengo? Mathe wako? Wee boi, umepotea kabisa. Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

"Watu wenu."

"Hawako huko."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Hata mimi nikienda huko siendi na mtu wa kwetu."

Majengo ya Pumwani ilikuwa na sifa yake mjini, ya pombe na wanawake wa kununua, na sifa hiyo haikuwa ya kumpeleka mama. Lakini mimi nilikuwa nimepita sana vichochoro vile, na nilijua kwamba ndani ya ile sifa kulikuwa na nyumba za Waislamu wazee, za udongo uliopigwa lipu, zenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote, na ua nyuma. Katika nyumba moja bibi mmoja mjane alipangisha vyumba na kuuza mahamri barazani kila asubuhi. Nilikuwa mteja wake. Nilipomweleza, alinihoji huku mikono imo kwenye unga.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Anakunywa?"

"Hapana. Amefiwa na mume."

Akaacha kukanda. "Lini?"

"Mwaka jana."

"Basi eda yake imekwisha zamani."

"Kwetu haijaisha." Nikamweleza kidogo, kwamba mjane kwetu haingii nyumba za watu. La kofia sikumwambia. Mtu hamwelezi mgeni mambo yote ya kwao.

Bibi akatikisa kichwa. "Sisi mjane hukaa ndani asitoke. Ninyi mjane hukaa nje asiingie. Haya, wanawake tuna kazi. Mlete. Mimi sina mume wa kumwogopesha, na wapangaji wangu hawana habari ya mtu."

Mama alishuka kwenye gari moshi la asubuhi amevaa lile koti, na kikapu mkononi. Hatukukumbatiana, si desturi yetu. Nilikichukua kikapu, tukatembea, tukapita barabara ya Landhies, tukakata kwenye soko la mitumba, tukavuka mto. Jua lilikuwa kali na koti lilimfika chini ya magoti. Nilitegemea watu wageuke. Hakuna aliyegeuka. Pale Nairobi watu walivaa chochote walichokipata, na mwanamke mwenye koti la mwanamume alikuwa mwanamke mwenye koti.

"Hawaulizi?" mama akasema baada ya muda mrefu.

"Hawaulizi, mama."

Akaendelea kutembea. Niliona anapunguza mwendo, kama mtu aliyekuwa akienda kwa haraka bila kujua.

Chumba chake kilikuwa cha kwanza kushoto ukiingia ukumbini. Kitanda cha kamba, dirisha dogo la mbao, na msumari mmoja mkubwa ukutani. Msumari ulibaki mtupu, kwa sababu koti hakulitundika. Mchana alilivaa na usiku alijifunika.

Nilipita kila jioni nikitoka kazini. Sikumkuta akifanya jambo la maana, na nadhani ndiyo mapumziko. Alikaa uani kwenye kigoda akitazama wanawake wengine wakifua. Alilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliniambia adhana ya alfajiri ilimwamsha siku ya kwanza, na siku zilizofuata aliamka mwenyewe kabla yake, akaingojea. Bibi alimfundisha kukata mahamri, akayakata makubwa mno, na wateja wakayagombania.

"Mwambie mama yako atanifilisi," bibi aliniambia.

"Kwetu mtu hula akashiba," mama akajibu, na wote wawili wakacheka. Nilikuwa sijasikia mama akicheka tangu msiba. Nilikaa pale na kikombe changu cha chai nikausikia ule mcheko kama kitu kinachotokea nyumba ya pili.

"Pazuri hapa?" nilimwuliza siku moja. Hapakuwa na mti hata mmoja, na upepo ukigeuka mto ulinuka.

"Pazuri," akasema. "Hakuna anayeningoja."

Jumapili nilikwenda soko la Burma kumnunulia nyama. Niko mbele ya bucha, nimefungiwa matumbo na kipande cha mfupa kwenye gazeti, nikasikia naitwa. Baba mdogo alikuwa kwenye benchi la nyama choma na wenzake wawili wa kazini, amevaa ile kofia yake ya kijivu ambayo hakuwahi kuonekana bila yake, hata makaburini hakuivua.

"Mwanangu! Umenunua matumbo? Tangu lini wewe unapika?"

"Leo tu, baba."

"Matumbo ya kuchemsha nusu siku, kwa stovu ile yenu ya kukaangia mayai?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia, akaliangalia lile gazeti. "Mama yako yuko Nairobi."

Sikujibu, na kwetu kutojibu mkubwa ni jibu.

"Wazee wamenitafuta hadi ofisini," akasema polepole. "Wanasema ametoroka. Yuko wapi?"

Nikamwambia. Aliniuliza kama baba na nikamjibu kama mtoto. Midomo ilifanya kazi yenyewe.

Alikuja kesho yake jioni, nami nikiwa pale. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya ukumbi, karibu na mlango, na baba mdogo akasimama nje barazani. Walisalimiana kwa lugha yetu, wakaulizana habari za kila mtu, hata za ng'ombe.

"Shemeji," baba mdogo akasema, "sikuja kwa kupenda. Wazee wananiandama. Mbegu ziko ghalani, mvua hiyo, na mimi ndiye ninayelaumiwa."

"Najua."

"Nifanyeje?"

"Mkeo anasemaje?"

Baba mdogo akatazama kichochoro. Mkewe alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya kuongoza nyimbo. "Amesema nikitundika kofia kwako, nisirudi Kaloleni kutafuta msumari mwingine."

Mama akashusha macho. Nikaona anaficha tabasamu, au nilidhani hivyo. "Wewe hutaki," akasema. "Mimi sitaki. Na watu wetu hawawezi kupanda."

"Ndivyo."

"Basi kaa hapo nje tufikiri."

Mvua ikaanza. Ilianza kwa matone makubwa, ikamwagika yote mara moja, na lile paa la bati halikuwa na mfereji wa kukingia maji, likamwagia baba mdogo mabegani. Hakusogea. Aliutazama mlango, na mama alimtazama yeye, na mimi nilijua wote wawili wanawaza jambo lile lile, kwamba akivuka kizingiti atakuwa ameingia.

Bibi akatokea uani akikimbia na mabeseni. Akasimama. "Huyu nani anaoga barazani kwangu?"

"Ni ndugu wa marehemu," mama akasema.

"Shemeji yetu! Na mmemwacha kwenye mvua kama mdai? Karibu ndani, shemeji, karibu, usisimame mlangoni."

Baba mdogo hakusogea. Bibi akanigeukia. "Ana nini huyu? Hasikii Kiswahili?"

Mama akauliza haraka, "Dada, ukumbi huu ni wa nani?"

"Nyumba yote yangu, ukumbi uwe wa nani?"

"Basi mkaribishe wewe."

"Si nimemkaribisha! Mnataka nimwimbie?"

Mama akamtazama shemeji yake, akamkubalia kwa kichwa. Baba mdogo akaingia, akakaa kwenye mkeka upande wa kulia, mbali kabisa na mlango wa chumba cha mama. Alivua kofia akaiweka gotini, ikawa inachuruzika maji. Bibi akaleta chai na sahani ya mahamri. Baba mdogo akayatazama asiyaguse.

"Nani amepika?"

"Mimi. Kwani umeambiwa natia sumu?"

"Sijagusa hata unga leo," mama akasema.

Akala. Alikula manne, maana alikuwa ametoka kazini na njaa. Nikaanza kufikiri kwamba atakwenda kama alivyokuja, na kwamba hakuna kilichoamuliwa, na nilikuwa nataka hivyo, kitu kisiamuliwe, nirudi chumbani kwangu.

"Kofia nzuri hivi, inaharibika," bibi akasema, na kabla hatujafungua midomo alikuwa ameinyakua gotini. Aliingia chumba cha kwanza kushoto, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi, wapangaji wengine wakiwa wamefunga vyao. Akatoka akijifuta mikono kwenye kanga. "Nimeitundika msumarini. Itakauka."

Mvua ilipiga mabati. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi, na kutoka nilipokaa niliiona kofia ya kijivu ukutani, ikitona maji juu ya sakafu ya udongo, tone moja, kisha jingine. Baba mdogo alikuwa ameiona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto na anangoja uanze kuunguza. Ningeweza kuinuka nikaitoe, lakini kijana hagusi kofia ya namna ile. Nilikaa. Nilikuwa nimemtafutia mama mtaa usio na mtu anayejua mambo yetu, na asiyejua mambo yetu ndiye aliyeyafanya.

Mama aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na kikapu chake, blanketi na sufuria yake. Akavuka ukumbi, akavipeleka chumba cha bibi upande wa pili, akarudi mikono mitupu.

"Dada, leo nitalala kwako."

"Chumba kinavuja?"

"Hakivuji. Kimepata mwenyewe."

Bibi akatazama huku na huku. "Kitanda changu kidogo," akasema hatimaye, "lakini nisikusikie ukikoroma."

Mama akakaa kwenye kigoda chake. "Shemeji," akasema, "kofia yako imelala chumba kile. Mimi silali humo. Wakikuuliza wazee, waambie kofia yako iko wapi."

Baba mdogo akaitazama tena ile kofia ukutani. Nikaona anaanza kuelewa, polepole, kuanzia machoni. "Wataniuliza kama imetundikwa," akasema.

"Imetundikwa. Si unaiona?"

"Hawataniuliza zaidi ya hapo."

"Hawatauliza. Hawajawahi kumwuliza mtu zaidi ya hapo."

Baba mdogo akasimama. Mvua ilikuwa bado. Bibi akasema ngoja nikuletee kofia yako, shemeji, ingawa mbichi, na baba mdogo na mama wakasema "Iache!" kwa pamoja, hata bibi akaruka. Baba mdogo akaniaga kwa kunigusa bega, akatoka. Nilimtazama akienda kichochoroni kuelekea Kaloleni, kichwa wazi, upara ukilowa. Kabla ya jioni ile sikuwahi kujua kwamba ana upara.

Bibi alimgeukia mama. "Watu wenu," akasema, "mnanichosha."

Mama alikaa siku kadhaa zaidi, akilala kitanda kimoja na bibi, ambaye alilalamika kila asubuhi. Kisha nikamsindikiza stesheni. Alivaa koti. Nilitaka kumwuliza kama amepumzika, nikaona ameshapanda.

Baba mdogo alinunua kofia nyingine ya rangi ile ile. Ile ya kwanza ilikaa msumarini hadi mpangaji mwingine alipoingia, na bibi akaihamishia kabatini kwake, akisema mwenyewe atakuja siku moja.

Mvua zilipokolea, yule jirani wa nyumbani alirudi kutoka kwetu, akanipitia Shauri Moyo. Alisimama mlangoni kama mara ya kwanza.

"Mama yako amepanda," akasema. "Alitangulia yeye, halafu wote wakapanda."

"Na koti?"

"Amelifua. Nililiona kwenye waya."

Nikamkaribisha chai. Alipoondoka nilikaa kitandani, nikasikia mpira uwanjani, watu wakipiga kelele kama kuna bao. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu kelele zile zilikuwa karibu. Nikalia kidogo, si sana, mwenzangu akaamka nyuma ya pazia akauliza nani amefunga, nikamwambia sijui.

Bado watu huniuliza mtaa gani unamfaa mgeni wa siku chache. Siwaambii Majengo. Nawaambia Jericho.